Bei ya Mwisho ya Gari la Bluu

Kabla sijaanza, naomba wenye simu wazime. Mwenye ile iliyolia kwaya ikiimba nimemwona, na yeye anajua kwamba nimemwona, basi yameisha. Siombi hivyo kwa ajili ya heshima peke yake. Simu imo ndani ya mfano wangu wa leo, na sitaki nyingine iiingilie.

Palikuwa na muuza magari mmoja. Jina lake mwenyewe simpi, maana nikimpa jina atatokea mwenye jina hilo humu ndani, asinisalimie mpaka Pasaka. Alikuwa na yadi ya magari yaliyotumika, katika mji wa mkoani kama huu wetu, mji wa baridi uliokaa juu mlimani, ambao ukitaka kutoka kwenda popote, lazima ushuke. Hilo la kushuka lishikeni, tutalirudia.

Msimfanye mwizi mapema. Naona mama mmoja pale ameshakunja uso. Alikuwa mtu wa kanisani. Sadaka anatoa, kwenye msiba anafika wa kwanza na kuondoka baada ya vyombo kuoshwa. Kwa miaka mingi yadi ilikuwa yake peke yake mjini pale, kwa hiyo bei aliyoitaja ndiyo iliyokuwa bei. Ukiona ghali, panda basi uende Dar ukatafute huko, urudi na vumbi lako.

Halafu akaja mwingine. Akakodi kiwanja upande wa pili wa barabara, akazungushia mabati mapya, akapanga magari yake yakiwa yamegeuza sura kumtazama mwenzake. Tangu siku hiyo yule mtu wetu usingizi ulimpaa.

Kila asubuhi akawa anavuka barabara kwenda kununua chapati kwa mama mmoja aliyekaa karibu na geti la yule jirani. Njaa hana, chai ameshakunywa kwake. Anachotaka ni kusoma bei. Maana pale kila gari lilikuwa na kipande cha boksi kwenye kioo cha mbele, kimeandikwa bei kwa kalamu ya maka nyekundu. Anatafuna, anasoma. Anarudi kwake, anachana boksi la jana, anaandika lingine lenye bei ya chini kidogo. Ikifika mchana, jirani naye anakumbuka kwamba vocha nzuri zinauzwa upande huu. Anavuka, ananunua vocha, macho yako kwenye vioo. Anarudi, anachana, anaandika. Na walikuwa wanasalimiana, wapendwa. Wanaulizana habari za nyumbani na kupeana pole za baridi.

Na wateja walivyo sasa! Msicheke, nawasema nyie. Mteja anasimama katikati ya barabara, simu mkononi, ndani ya simu ana picha za magari ya Dar yote. Anamwambia huyu: ng'ambo pale nimepewa bei hii. Anavuka anamwambia yule: hapo kwa mwenzako nimepewa bei hii. Akishachoka kuvuka anauliza swali ambalo sote humu tunalijua, hata watoto wa shule ya Jumapili wanalijua. "Bei ya mwisho?"

Hebu lisikilizeni vizuri neno hilo. Kwa nini tunauliza bei ya mwisho? Kwa sababu tunajua ile ya kwanza si bei, ni salamu. Tunajua mtu ana kitu amekificha nyuma ya ulimi, na tunamwomba akitoe chote, pasibaki kitu. Mtu akikwambia hii ndiyo ya mwisho, amekuapia. Amekwambia baada ya hapa hakuna jingine utakalotoa. Ndiyo maana yake, au nakosea? Haya.

Sasa, yule mtu alikuwa na gari moja dogo la bluu. Zuri, viti bado vina nailoni, lakini lilikuwa limekaa pale tangu masika mpaka majani yakaota chini yake. Watu wanalizunguka, wanalisifia, wanaondoka. Siku moja asubuhi, chapati mdomoni, anaona jirani ameleta la aina ileile. Rangi tu ndiyo tofauti. Na boksi lake limeandikwa milioni nane kamili, wakati yeye la bluu ameliandika nane na nusu.

Chapati haikushuka. Akarudi, akakaa kwenye kiti chake, akapiga hesabu. Akiliweka chini ya nane, faida yake inakuwa ndogo sana, lakini mteja angalau atavuka aje upande wake, na akishavuka ataona na mengine. Hiyo ni akili ya biashara na mimi siilaumu. Asitoke mtu hapa akasema mchungaji amehubiri kwamba kushusha bei ni dhambi. Shusheni, tena anzeni na mchele.

Basi akamwita fundi wake alikague gari mara ya mwisho kabla hajaandika bei mpya. Fundi akaingia chini, akatoka, akaliendesha kidogo, akarudi na habari. Akasema breki zina shida. Mjini humu kwenye tambarare litatembea vizuri tu, hakuna atakayejua. Lakini likishuka mlima, ukikanyaga mara nyingi, pedali itazama mpaka chini na gari halitasimama. Kifaa kinabidi kiagizwe Dar.

Yule mtu akauliza bei ya kifaa. Akatajiwa. Ilikuwa inameza faida yote na kutafuna kidogo na mtaji. Akatazama ng'ambo. Jirani amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, anapunga nzi kwa gazeti. Akamwambia fundi aongeze oili ya breki, alioshe gari, aliweke mbele kabisa karibu na barabara. Fundi akamkumbusha habari ya mteremko. Akajibiwa kwamba hakuna aliyesema gari linakwenda mteremkoni. Katika mji wa juu ya mlima, wapendwa! Akachukua boksi, akaandika milioni saba na laki sita.

Niwaulize. Ile bei ndogo ilitoka wapi? Watu walipita wakasema, huyu mzee ana huruma siku hizi, ameshusha bei. Ilitoka mfukoni mwake? Hapana. Ilitoka kwenye breki. Alichukua usalama wa mtu ambaye hajamjua bado, akauweka kwenye bei kama punguzo.

Mtu huyo akafika siku ileile kabla ya saa sita. Mkulima wa kokoa kutoka bondeni, na mkewe, na watoto wawili, wa mwisho bado ananyonya kidole. Walikuwa hawajawahi kuwa na gari katika ukoo wao. Wakavuka barabara kwenda kwa jirani, wakavuka kurudi, wakavuka tena. Mkulima akapiga tairi teke kidogo kama tunavyofanya sisi tusiojua magari, ili tuonekane tunakagua. Akauliza kama gari lina tatizo lolote.

Sikilizeni alivyojibiwa, maana hapa pana ufundi. Hakusema halina. Alikuwa mtu wa kanisani, hakutaka kusema uongo. Alisema, "Gari si hilo unaliona?"

Mkulima akaliona. Lilikuwa linang'aa. Akauliza, "Bei ya mwisho?"

"Saba na nusu. Hapo ndiyo mwisho wangu."

Wakapeana mikono. Ng'ambo kule jirani alikuwa amesimama, ameacha kupunga, na yule mtu wetu akamwinulia mkono kumsalimia. Salamu tamu kuliko zote tangu mabati yale yasimikwe. Karatasi zikaandikwa, familia ikapanda, gari likatoka getini polepole na lile boksi la bei bado liko kwenye kioo. Kwa furaha yao hawakukumbuka kulitoa.

Sasa nirudi nyuma kidogo. Muuza magari alikuwa na mke. Mke yule alikuwa ameondoka nyumbani asubuhi kwenda stendi, anakwenda bondeni kumwona dada yake aliyejifungua. Simu yake ilikuwa na ugonjwa. Kile kispika cha kusikilizia sikioni kilikufa, kwa hiyo akiongea na mtu lazima atumie sauti ya nje, dunia nzima inasikia. Mumewe alikuwa ameahidi kuipeleka kwa fundi. Kila siku anaahidi. Kina mama mnamjua mtu wa namna hiyo, wengine mmekaa naye kiti kimoja hapo.

Saa saba yule mtu amekaa yadini, ameagiza supu, simu inaita. Ni mkewe.

Akamwambia kwamba mabasi yalikuwa yamejaa, siku ya gulio, lakini Mungu ni mwema, amepata lifti. Watu wazuri sana, wamemkuta barabarani na kikapu chake wakasema leo hawamwachi mtu. Halafu akacheka, akasema, "Baba Tusekile, gari lenyewe ni lako. Boksi la bei liko hapa kwenye kioo. Maka imepenya boksi, nausoma mwandiko wako kinyumenyume."

Supu ikabaki pale. Akamwuliza wako wapi. Mke akasema ndiyo kwanza wamewapita wale wauza viazi.

Mnaopita njia ile mnajua. Ukishawapita wauza viazi, barabara inainama, na ikiinama haiinuki tena mpaka bondeni. Upande mmoja udongo mwekundu, upande mwingine unaona vilele vya migomba ya watu, chini kabisa.

Afanye nini? Ni rahisi, si ndiyo? Aseme simameni. Neno moja. Mwambie dereva asimame sasa hivi, gari ni bovu. Wewe ungesema, na mimi ningesema. Lakini alipofungua mdomo, macho yake yakavuka barabara yenyewe. Jirani yuko pale. Akaona akilini gari la bluu linarudi likiwa limevutwa kwa kamba mchana kweupe, mji mzima umesimama kutazama, na wateja wote wanavuka kwenda upande wa pili moja kwa moja. Aliona yote hayo kwa muda mfupi kuliko ninavyoyasimulia. Hofu ikamsahaulisha kwamba simu ya mkewe ni mbovu. Akashusha sauti kama mtu anayenong'ona sikioni.

"Mama Tusekile, shuka hapo. Sema umesahau dawa. Nakuja kukuchukua."

"Nishuke kwa nini?"

"Breki za hilo gari si nzuri. Wewe shuka."

Anasikia injini, anasikia mtoto anaimba kitu. Kisha mkewe akauliza maneno mawili, na maneno hayo mawili, wapendwa, ndiyo yaliyonifanya niulete mfano huu.

"Mimi tu?"

Akageuza kiti, akampa jirani mgongo.

"Baba Tusekile, kuna mtoto wa watu amenilalia hapa mapajani."

"Achana na watu. Mimi naongea na wewe."

Alikuwa ameongea na gari zima. Akasikia sauti ya mwanamume inasema subiri, amesema nini huyo. Akasikia mkewe anamwambia mtu asimamishe gari, kwa upole kwanza, halafu si kwa upole. Kanyaga ya kwanza ikashika, alisikia tairi. Ya pili sijui. Akasikia mkulima anasema inazama, inazama, na mama wa watoto anaita jina la Yesu, na watoto wote wawili wanalia kwa pamoja, na gia inakwaruza, na simu imeanguka chini maana sauti zikawa za mbali. Halafu kishindo. Halafu hakuna kitu. Simu haijakatika. Sekunde zinahesabika kwenye kioo cha simu na hakuna anayesema.

Naona mmeacha kupumua. Mnataka kujua kama walipona. Nawauliza, mbona nilipokuwa nasema bei, nane, nane na nusu, saba na laki sita, hamkushtuka? Wengine mlikuwa mnapiga hesabu, nimewaona midomo. Watu walikuwa wameshaingia ndani ya bei ile tangu maka ilipogusa boksi. Ila tulikuwa hatujasikia sauti zao.

Yule mtu alikaa na simu sikioni anaita mama Tusekile, mama Tusekile, na yule jirani, adui yake, akavuka barabara mbio bila kutazama magari, kwa sababu alimwona mwenzake amepiga magoti kwenye kokoto.

Mwisho simu ikaokotwa. Ilikuwa sauti ya mkulima.

"Mzee, nimelipeleka kwenye udongo. Tuko hai wote." Akapumua. "Lakini nilikuuliza bei ya mwisho, ukanitajia. Kumbe kulikuwa na nyingine nyuma yake, hukuisema."

Jirani ndiye aliyemwendesha mpaka kule, kwa gari lake. Wakakuta gari la bluu limeegemea ukingo wa udongo, pua imebonyea, boksi bado liko kwenye kioo kilichopasuka. Watu wamekaa kando ya barabara. Mkulima ana damu kwenye paji la uso. Mke wa muuza magari amekaa chini kabisa, kanga imechanika, na yule mtoto mdogo bado yuko mapajani, safari hii macho yako wazi. Mume akakimbilia kumwinua, akamshika mkono ampeleke kwenye gari la jirani. Mke hakuinuka.

Akamwambia, "Pakia watu kwanza. Mimi nitakuwa wa mwisho."

Nimemaliza mfano. Sasa tukae sisi na sisi.

Yule mtu alijua thamani ya breki. Msiniambie hakujua. Alipojua mkewe yumo ndani ya gari lile, alijua mara moja, bila kuelezwa tena na fundi. Tatizo lake ni kwamba alikuwa na roho mbili za kupimia. Moja ya watu, moja ya wetu. Tazameni maneno hayo mawili, watu na wetu. Yanatofautiana kwa herufi moja. Na Kiswahili chetu kimetufunga kabisa, maana tukitaka kusema mtoto huyu si wa kwetu, tunasema ni mtoto wa watu. Huyo ni mke wa watu. Hiyo ni mali ya watu. Tunasema hivyo ili tuogope kumgusa, tumlinde zaidi kuliko wa kwetu. Siku hizi tunasema hivyohivyo tukiwa na maana ya kwamba hatuhusiki.

Mimi sina haja ya kwenda kwenye yadi za magari. Nabaki humuhumu. Kuna shamba la nyanya za kuuza, zinapigwa dawa leo, zinachumwa kesho alfajiri, na nyuma ya jiko kuna kibustani kisichopigwa dawa. Kibustani ni cha nani? Si mmeshasema wenyewe kimoyomoyo? Cha wetu. Kuna maziwa ya kibuyu cha nyumbani na maziwa ya ndoo ya sokoni. Kuna mwenye nyumba anayejua waya wa chumba cha nyuma unatoa cheche, kwa hiyo amekipangisha bei poa, na mwanawe halali humo. Nikiendelea, leo chakula cha mchana tutakula peke yetu mimi na mama mchungaji.

Tutashindana bei, lazima, watoto wanakula. Jirani akishusha nasi tutashusha. Lakini kabla hatujaandika kwenye boksi, tujiulize swali la yule mama. Mimi tu? Kitu hiki ninachokiuza, wangu akipanda, nitampigia simu ashuke? Basi bei yangu haijafika mwisho, kuna kitu nimekibakiza nyuma ya ulimi.

Na jambo moja la mwisho kabisa. Kuna mtu humu ndani ameshauza. Ameshapeana mkono, gari limeshatoka getini. Sijui ni gari, sijui ni nyanya, sijui ni chumba. Wewe unajua. Mtu wako bado yuko kwenye tambarare, anaimba, anasifia ukarimu wako, hajawapita wauza viazi.

Niliwaambia mzime simu. Washeni. Toka nje sasa hivi mpigie, na usimnong'oneze. Hakuna atakayegeuka kukutazama, na nikimwona anayegeuka nitamtaja jina. Ibada itakusubiri. Mimi nakaa hapa, nimenyamaza.